Nani Ashike Funguo za Hospitali?

Mtu akiugua mtaani Kenya, au Katuba, au Ruashi, au akiugua mbali na mji, huko Kasenga na Pweto, mara nyingi wa kwanza kumpokea si daktari, bali ni mwuguzi. Na mwuguzi huyo, kama ndiye mkubwa wa kituo cha afya, kazi yake si kuchoma sindano na kufunga vidonda tu. Yeye ndiye mwenye funguo za stoo ya dawa. Yeye ndiye anayehesabu fedha jioni, anayepanga nani alale zamu ya usiku, anayeandika taarifa ya mwezi, na anayeamua kama mama mwenye uchungu apelekwe hospitali kubwa sasa hivi au angojee mpaka alfajiri. Serikali inamwita infirmier titulaire. Watu wanamwita munganga, na wengine wanamwita dokta kwa heshima ya koti lake jeupe.

Basi, twauliza: mtu huyu alifundishwa wapi kuongoza? Kutibu alifundishwa. Lakini kutunza fedha za watu, kusimamia wenzake, kupanga dawa zisiishe kabla ya mwezi kwisha, kuzuia tauni isienee ndani ya nyumba ileile ya kuponyea, haya yote aliyajifunza kwa nani? Ni swali la historia, nasi tutalifuata kwa njia ya historia, kuanzia mwanzo mpaka siku zetu.

Mwanzo wa kazi

Wazee wa ziwa Tanganyika hawajamsahau Adriani Atiman. Alikuwa mtoto wa Sudani ya Magharibi, karibu na Timbuktu, aliyekamatwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, naye Kardinali Lavigerie akampeleka pamoja na vijana wengine kisiwani Malta ili wasomee uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa, kuelekeana na pwani yetu ya Mpala. Akakaa pale akiwa katekista na mganga mpaka kufa kwake mwaka 1956. Kazi ya miaka 67!

Tazameni wazo la Lavigerie. Hakutaka Mwafrika awe mshika taa wa mganga mgeni. Alitaka awe mganga mwenyewe, mwenye elimu kamili, anayesimama peke yake mbele ya mgonjwa na kuamua. Wazo hilo lilitangulia wakati wake. Waliokuja baadaye hawakulifuata wote.

Mji wetu ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Uliitwa Elisabethville, na jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1906, nayo ilihitaji watu wengi wa kuchimba na kuyeyusha shaba. Wafanyakazi walitoka mbali, wakakaa kambini kwa msongamano, wakaugua kifua, kuhara na homa. Mwaka 1918 ile homa kubwa ya dunia nzima iliua watu wengi mjini na kambini. Ndipo wakubwa walipoona kwamba shaba haichimbwi na wagonjwa. Hospitali zikajengwa, na zahanati za kina mama na watoto zikafunguliwa makambini.

Masista wa misioni nao walikuwamo katika kazi hiyo tangu miaka ya kwanza ya mji. Lakini kwa muda mrefu sheria za Kanisa ziliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ilitoa maagizo mapya, ikawahimiza masista wa nchi za misioni wasomee uganga, uuguzi na ukunga, tena wapate vyeti halali. Hili ni jambo la kukumbuka. Kanisa lenyewe lilikiri kwamba moyo mwema hautoshi, lazima uende pamoja na elimu.

Mikono bila funguo

Na wenyeji je? Walifundishwa, hilo hatukatai. Mwaka 1926 walimu wa Chuo Kikuu cha Louvain walianzisha shirika la FOMULAC, lililofanya kazi huko Kisantu. Mwaka 1936 serikali ilifungua mjini Léopoldville shule ya wasaidizi wa waganga. Shule za wauguzi zilikuwapo pia katika misioni na katika makampuni, na sehemu kubwa ya wanafunzi wake walikuwa wanaume. Vijana hao walijua kazi sana. Walijua kupima damu kwa darubini, kutambua malale na malaria, kushona jeraha, kusaidia katika chumba cha upasuaji.

Lakini angalieni mpango wenyewe ulivyokuwa. Juu alikaa mganga Mbelgiji. Chini yake sista Mzungu, ndiye mwenye funguo, daftari na sanduku. Chini kabisa mwuguzi Mwafrika, ndiye mwenye mikono. Aliagizwa, akatii, akasifiwa au akakaripiwa. Hesabu ya mwaka hakuiona. Barua ya kuagiza dawa hakuiandika. Hata msaidizi wa mganga, aliyesoma miaka mingi kuliko wote, alibaki msaidizi, wala hakuruhusiwa kupanda awe mganga. Haikuwa kwa sababu ya akili, bali ni kwamba utawala ule haukutaka Mwafrika amwongoze mtu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulikuja mwaka 1960. Kwa masomo ya udaktari, ambayo huchukua miaka mingi, mlango ulifunguliwa jua likiwa limekwisha kushuka.

Hospitali kubwa ya serikali hapa Lubumbashi inaitwa kwa jina la Jason Sendwe. Wengi hulitaja jina hilo kila siku bila kumkumbuka mwenyewe. Alikuwa mwana wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1917, akafanya kazi ya ualimu na ya uuguzi kabla ya kuingia siasa. Aliongoza chama cha Balubakat, akauawa mwaka 1964. Katika enzi ile mwuguzi mwenye kipaji cha kuongoza hakuwa na ngazi ya kupanda ndani ya hospitali. Ilimbidi kipaji chake akipeleke nje.

Mwaka 1960

Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Kongo nzima haikuwa na daktari hata mmoja mzalendo. Siku chache baadaye askari waliasi, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangazwa kujitenga. Wabelgiji wengi walikimbia nchi, na waganga walikuwa miongoni mwao. Katika hospitali nyingi za Kongo ilitokea hivi: asubuhi wauguzi walifika kazini kama kawaida, wagonjwa wakiwa vitandani mwao, lakini aliyekuwa akitoa amri hayupo.

Ndipo funguo zilipoanguka mikononi mwa wauguzi. Hawakukabidhiwa kwa sherehe, wala kwa mafunzo, ila ziliachwa mezani. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu walituma waganga toka nchi nyingi kuziba pengo. Wasaidizi wa waganga wapatao 60 walipelekwa Ufaransa ili wamalizie masomo wawe madaktari kamili, nao walirudi wakaitumikia nchi. Mpango huo ulikuwa mzuri. Lakini wauguzi waliobaki, ndio waliozishika hospitali na zahanati katika miaka ile ya vita na njaa, nani aliwafundisha kuongoza? Wengi walijifunza kama mtu anavyojifunza kuogelea akiwa ametumbukia mtoni. Wengine walivuka, wengine walizama, na waliozama hawakuzama peke yao.

Somo la Yambuku na la Kikwit

Wasomaji wengine watasema: kuongoza ni jambo la karatasi, kinachoponya ni dawa na huruma. Tunawaomba watusikilize kidogo.

Mwaka 1976, kaskazini mwa nchi yetu, ilikuwapo hospitali ya misioni mahali paitwapo Yambuku. Ilikuwa na vitanda 120 na watumishi 17, masista wa Ubelgiji wakiwamo. Watu walitoka mbali kuja pale, kwa sababu walipendwa na dawa zilikuwapo. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu, kisha ikatumika tena. Mwezi Septemba ukaingia ugonjwa usiojulikana, ambao leo dunia yote waita Ebola. Sindano zile zikaupeleka toka mwili hata mwili. Watumishi 11 kati ya wale 17 walikufa, na hospitali ikafungwa mwisho wa Septemba. Wataalamu walipohesabu, waligundua kwamba katika eneo lile waliugua watu 318, wakafa 280.

Hatuwahukumu wale masista wala wauguzi wenzao. Walikuwa watu wa sala na wa kazi, na walikufa kazini. Lakini ukweli lazima usemwe. Huruma ilikuwapo Yambuku, tena nyingi. Kilichokosekana ni utaratibu: hesabu ya sindano zinazotosha, chombo cha kuchemshia, mtu mwenye elimu na mamlaka ya kusema, "Leo hatuchomi mtu, mpaka sindano zitoshe." Kusema neno hilo ni uongozi.

Mwaka 1995 Ebola ilirudi, sasa mjini Kikwit. Watu 315 waliugua, na kati yao 80 walikuwa watumishi wa afya, yaani mmoja katika kila wanne. Masista sita wa shirika la Poverelle, kutoka Bergamo, Italia, walifariki wakiwauguza wagonjwa na kuuguzana wao kwa wao. Wa kwanza kati yao alikuwa Sista Floralba Rondi. Ugonjwa ulipojulikana, zikaletwa glovu, barakoa na magauni, wagonjwa wakatengwa, na kila mtumishi akapewa kanuni za kufuata, ndipo maambukizo kati ya watumishi yalipokatika. Hapakuwa na dawa ya kuua ugonjwa ule. Kilichowaokoa waliobaki ni mpango mzuri uliosimamiwa vizuri.

Shule ya kuongoza

Duniani wazo la kumsomesha mwuguzi uongozi si jipya. Florence Nightingale, Mwingereza aliyesifiwa kwa kutembea na taa kati ya majeruhi wa vita vya Krimea, alifanya kazi kubwa zaidi mezani, akihesabu vifo na kuonyesha kwa tarakimu kwamba uchafu uliua askari. Mwaka 1860 alianzisha shule ya wauguzi mjini London. Huko Marekani, mwaka 1899, shule kuu ya ualimu ya Columbia, mjini New York, ilifungua masomo kwa wauguzi waliokwisha kuhitimu, ili wajue kutawala hospitali na kuongoza shule za uuguzi. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, Mary Adelaide Nutting, akawa mwaka 1907 mwuguzi wa kwanza duniani kupewa cheo cha profesa. Karibu na kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza masomo ya juu ya uuguzi mwaka 1968.

Hapa Kongo ngazi ilijengwa polepole. Tuieleze, maana wazazi wengi husikia majina haya bila kuyaelewa. Mwuguzi wa A2 hutoka katika shule ya sekondari ya uganga. Mwuguzi wa A1 husoma miaka mitatu zaidi baada ya diploma ya serikali, katika chuo kinachoitwa Institut Supérieur des Techniques Médicales, yaani ISTM. Chuo cha namna hiyo kipo Kinshasa, kipo na hapa Lubumbashi. Juu yake yuko A0, mwenye lisansi, ambaye katika utaratibu wa zamani aliongeza miaka miwili. Katika lisansi hiyo liliwekwa tawi maalum la kufundisha na kutawala kazi ya uuguzi. Toka mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vya nchi viliagizwa kuingia utaratibu mpya: lisansi ya miaka mitatu, kisha masta ya miaka miwili, kisha udaktari wa elimu.

Anajifunza nini huko juu? Anajifunza kupanga bajeti na kusoma hesabu bila kudanganywa. Anajifunza kugawa watu kwa zamu, wasichoke wengine huku wengine wakikaa bure. Anajifunza kusimamia dawa, sheria za kazi, haki za mgonjwa, namna ya kumkosoa mtumishi bila kumvunja moyo. Anajifunza kutazama tarakimu za mwezi na kuona hatari kabla haijabisha hodi.

Elimu hiyo ilihitajiwa zaidi baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliotaka afya iwafikie watu mahali wanapokaa. Katika miaka ya 1980 nchi yetu iligawanywa katika maeneo ya afya 306, na leo yamezidi 500. Kila eneo lina hospitali yake kuu na vituo vyake vya afya, na kichwa cha kituo ni mwuguzi. Kwa hiyo serikali iliweka jengo zima juu ya mabega ya wauguzi. Kisha zikaja shida za miaka ya 1990: uporaji wa 1991, misaada kukatwa, mishahara kupotea, vita. Wauguzi wengi wakaendesha vituo kwa fedha za wagonjwa tu, na wengi mpaka leo hawapati mshahara kamili wa serikali. Vituo vya misioni, chini ya ofisi za majimbo ziitwazo BDOM, vilisaidia sana kushikilia kazi isianguke. Mwaka 2016 sheria iliunda Chama Halali cha Wauguzi, Ordre des Infirmiers, chenye kulinda heshima na nidhamu ya kazi yao. Hivyo wauguzi walipata mahali pa kusimama kama watu wenye taaluma yao.

Mashaka ya watu

Lakini wako wanaonung'unika, na manung'uniko yao yana sababu. Wanasema: mwuguzi akipata masomo makubwa, haonekani tena kitandani pa mgonjwa. Anataka meza, kiti cha kuzunguka, na kukaa mjini. Vijijini wanabaki wachache waliochoka.

Ni kweli, mambo hayo yapo. Shule ikimfundisha mtu kuwa bwana badala ya kuwa kiongozi, imemharibu. Pia vyeti vimekuwa vingi kuliko nafasi, na wako wenye lisansi wanaofanya kazi ileile ya A2, kwa malipo yaleyale, chini ya mkubwa asiyejua hesabu. Kumsomesha mtu kisha kumnyima mahali pa kutumia masomo yake ni kupanda mahindi na kuacha kuvuna.

Hata hivyo dawa ya ubaya huo si kufunga shule. Fikirini desturi moja inayowaumiza watu wetu. Katika hospitali kadhaa mgonjwa aliyekwisha kupona huzuiliwa asiende nyumbani mpaka alipe, hata mama aliyejifungua na mtoto wake mchanga. Mwuguzi wa kitandani huona machozi yake, humwonea huruma, pengine humpa chakula chake mwenyewe. Lakini hawezi kumfungulia mlango. Anayeweza ni yule anayepanga bei, anayetenga mfuko wa maskini, anayepatana na jamaa walipe kidogo kidogo. Kama yule mwenye mamlaka hajapata kukaa kitandani pa mgonjwa, ataona deni tu. Kama amekaa, lakini hajui hesabu, atawafungulia wote leo, na kesho stoo itakuwa tupu. Twahitaji mtu aliyeyajua yote mawili. Yule Msamaria mwema, twakumbuka, hakuishia kutia mafuta na divai majerahani. Alitafuta nyumba ya kumlaza, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Huruma yake ilikuwa na mpango.

Neno kwa parokia

Sasa, sisi wa parokia tufanye nini? Hatuna vyuo, wala hatuandiki sheria. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza: kila eneo la kituo cha afya linapaswa kuwa na kamati ya watu wa mtaa. Tuingie humo. Tuulize kwa adabu: fedha zilizoingia ni ngapi, dawa zilizobaki ni zipi, glovu zipo? Kiongozi mwema hafichi daftari, na akiulizwa vizuri hupata nguvu ya kudai mbele ya wakubwa wake.

La pili: tukiwa na binti au kijana mwuguzi anayefanya kazi vizuri na mwenye kipawa cha kuongoza, tusimwambie kwamba A2 yatosha. Familia nyingi huuza shamba ili mtoto awe daktari, lakini husita kumsaidia mwuguzi aendelee na masomo. Hapo mawazo ya enzi ya ukoloni yangali yanakaa ndani yetu: kwamba mwuguzi ni mikono tu. Na hasa tuwafikirie mabinti, maana katika shule za zamani walisahauliwa, na hata leo mume au wajomba husema amesoma vya kutosha.

La tatu: atakaporudi na cheti chake, tumdai matunda. Asimame asubuhi wodini kabla ya kukaa mezani. Awafundishe wadogo zake alichojifunza. Elimu ya kuongoza hupimwa kwa mtoto asiyeambukizwa, kwa stoo isiyo tupu, kwa mama anayerudi nyumbani na mtoto wake mgongoni.

Mwaka 1960 funguo ziliachwa mezani, na wazee wetu wauguzi wakaziokota bila kufundishwa, wakafanya walivyoweza. Tunawashukuru. Lakini vijana wa leo tusiwaachie funguo kwa namna ile. Tuwakabidhi mkono kwa mkono, pamoja na elimu ya kuzitumia.